Miguu ya Kushoto

Tarehe 9 Februari

Mpwa wangu Sindano,

Mjomba wako anakusalimu, mzima kuliko umri wake. Mkaza mjomba naye yupo. Anakohoa kidogo, lakini ni kile kikohozi chake cha kunisema. Kikianza najua kuna jambo nimefanya. Mama yako mguu umepona. Jana nimemwona dada yangu huyo akitoka sokoni huku anagombana na mwenye baiskeli, na mwenye baiskeli ndiye aliyekuwa anaomba radhi. Kwa hiyo kwetu ni salama.

Duka langu linakwenda vizuri mno. Watu wanajaa, mpaka wengine wanakuja hawana hata kiatu cha kushona, wanataka tu waone mkono wangu unavyokwenda. Juzi nilipiga soli nimefumba macho, kwa sababu ya vumbi, na mteja akasema kiatu hakijawahi kumkaa namna ile.

Barua yako nimeipata. Unasema chuo cha wauguzi kimekupa kazi ya kuwashonea wanafunzi wote viatu vyeusi vya ngozi, na unataka nikutumie ile miguu ya mbao ya babu yako, ile tunayoivalisha ngozi ili kiatu kipate umbo. Vizuri. Babu yako, Mungu amrehemu, aliniachia mimi miguu ile kwa sababu aliona hapa pana mkono. Nitaituma. Lakini mbao za mti ule hazisafirishwi wakati wa joto, zinanuna. Ngoja mvua zianze.

Halafu tulikusikia redioni. Nilikuwa kwa kinyozi, nimekaa tu, si kwamba sina kazi. Ulizungumza vizuri. Mtangazaji alipokuuliza nani amekufikisha hapo ulipo, ukamtaja yule mama wa semina, anayewafundisha watu kutawala fikra zao. Yaliyofuata sikuyasikia, mashine ya kinyozi ilikuwa inavuma sikioni. Kinyozi akaniuliza, "Kumbe siyo wewe uliyemfundisha?" Nikamwambia anyoe.

Wala sina wivu. Wivu mimi siujui hata rangi yake. Nakueleza tu kwamba hayo mambo ya kutawala fikra niliyajua kabla huyo mama hajaota meno. Niliwahi kukanyaga msumari ukatokea juu ya mguu. Nikauambia kimoyomoyo, wewe si kitu. Nikatembea nao mpaka nyumbani, na kilichopinda ni msumari. Muulize mama yako. Kama hakumbuki, ni uzee.

Ni mimi mjomba wako, fundi wa mafundi.


Tarehe 27 Februari

Shikamoo mjomba,

Nimefurahi kusikia mama ameanza tena ugomvi, maana akinyamaza ndiyo ananitisha. Mwambie mkaza mjomba anywe maji ya moto kwa hicho kikohozi, na wewe uache hicho unachokifanya.

Mimi sijambo, ila vidole vimeota sugu mpya juu ya zile za zamani. Chumba ninachofanyia kazi kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Asubuhi jua linaugonga ule ukuta, mwanga unarudi kwangu, nafanya kazi kwa mwanga wa kuazima. Unatosha.

Mjomba, nikueleze jambo lenyewe ulione vizuri. Wanafunzi wale wanaanza kuingia wodini mwanzo wa Juni. Wanatakiwa wawe na viatu vyao siku hiyo. Nisipowahi, kazi anapewa mfanyabiashara wa viatu vya plastiki, ambaye tayari amekwisha kwenda chuoni na mfuko wa sampuli. Na mimi kule nilikokuwa nimeajiriwa nimeshaaga. Nilimwuliza seremala wa hapa kama anaweza kunichongea miguu mipya. Akasema anaweza, ila mbao kavu ya kufaa haipo, na mbichi itapasuka. Kwa hiyo ninakutegemea wewe.

Umenitajia mwalimu. Ngoja nikwambie alichonifanyia. Kazi hii ilipoletwa nilitaka kuikataa. Nilimwambia, mimi ni mtia viraka tu, viatu vizima ni vya mafundi wenyewe. Hakubishana na mimi. Aliniuliza tu, "Hayo maneno ni ya nani?" Nikarudi nyumbani nikakaa nayo. Nikaona kweli, siyo yangu. Nilikuwa nimeyabeba tu, kama mzigo wa mtu aliyeshuka kituo cha nyuma. Sikumwambia ni ya nani.

Anasema akili ni kama ngozi mbichi. Usipoivuta wewe, itajikunja yenyewe inavyotaka.

Nasubiri mvua zako.

Mpwa wako.


Tarehe 30 Machi

Sindano,

Salamu. Huku mvua zimenyesha mpaka kuku wa jirani wameanza kutembea kama bata. Mama yako anakusalimu. Mkaza mjomba anakusalimu, kikohozi bado.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Kuna mheshimiwa mmoja, jina silisemi, alituma gari lije linichukue nikampime mguu kwake. Nikakuta ana vidole sita. Mafundi wote walishindwa. Mimi nikaongea na kile kidole cha sita kwa upole, kikasogea.

Sasa hilo neno la ngozi mbichi. Neno hilo ni langu. Nililisema hapa dukani mwaka ule wa mafuriko, na walikuwapo watu. Lazima kuna mtu alilibeba akampelekea huyo mama. Watu wa semina ndivyo walivyo, wanaokota maneno ya mafundi, wanayafua, wanayauza kama mapya. Simwonei wivu. Mwenye mbegu hamwonei wivu mwenye mkeka wa kuanikia.

Na kama unataka somo la kutawala akili usiende mbali. Unavikumbuka vile viatu vyeupe vya bibi harusi, binti wa mwenye duka la vitambaa? Nilikuwa na homa inayotikisa kitanda. Harusi kesho. Mtu mwingine angelala akamlilia mamaye. Mimi nikaiambia homa, wewe kaa hapo nje, nikimaliza nitakuita. Nikashona, uzi juu ya uzi, visigino vyembamba kama shingo ya chupa, mpaka kikaisha cha pili. Nikafungua mlango nikaiambia homa, haya ingia. Mpaka leo hapa mtaani wanaulizana viatu vile vilishonwa na binadamu au nini. Hiyo ndiyo akili iliyotawaliwa. Huyo mama wako aliwahi kushona nini?

Haya. Miguu ya babu yako nimeifunga mwenyewe ndani ya sanduku, nimemkabidhi dereva wa lori la saruji, anapita huko. Mkaza mjomba alitaka kunisaidia kufunga, nikamkataza. Kazi hii ina siri zake.

Usije ukasema mjomba hakukutumia.

Fundi wa mafundi.


Tarehe 16 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nawasalimu wote. Mwambie mama nimepata zile shuka, na kwamba sizihitaji nyingine, anatuma shuka kama vile nafungua hospitali.

Sanduku limefika. Dereva wa saruji ni mtu mwema, alilifunika na turubai lake mwenyewe.

Nimelifungua mbele ya jirani yangu, fundi cherehani, ambaye alikuja kuona miguu niliyokuwa naisifia tangu Februari. Nikatoa wa kwanza, wa kulia. Nikatoa wa pili, wa kulia. Fundi cherehani akaanza kunipokea na kupanga juu ya meza. Tulipofika chini ya sanduku akasema, "Dada, huyo babu yako alikuwa anawashonea watu wa mguu mmoja?"

Mjomba, umenitumia miguu ya kulia tu. Saizi zote zipo, kuanzia ndogo mpaka ile kubwa iliyopasuka kisigino. Wa kushoto hakuna hata mmoja.

Nikwambie kweli, siku ile sikufanya kazi. Nilipanga barua tatu kichwani, zote za matusi, moja ilikuwa nzuri sana. Nilikuwa naifurahia ile hasira. Inapasha moto. Kesho yake nikaamka bado iko pale pale inanisubiri, imekaa kama mgeni asiyejua kuaga. Ndipo nikaona: nikiikaribisha hii, itakula siku zangu zote zilizobaki, na Juni itafika nina barua nzuri na sina kiatu. Nikajiuliza, leo nina nini mkononi? Nina miguu ya kulia. Basi nikaanza kushona viatu vya kulia.

Sasa niko katikati. Naviweka kwenye rafu inayotazama mlango. Watu wanaingia, wanatazama, wanaangalia kama nina miguu yote miwili. Wakiuliza nawaambia, vya kushoto viko kwa mjomba wangu.

Kuna jambo ulitaka kulijua na hukuuliza. Kule redioni, baada ya kumtaja mwalimu, hakuna kilichofuata. Mashine ya kinyozi haikukunyima kitu. Sikukutaja. Na sababu umeiandika wewe mwenyewe katika barua yako. Vile viatu vyeupe ninavikumbuka sana. Homa ilikuwa yako, mjomba. Sindano ilikuwa yangu. Nilikaa nyuma ya pazia nikakusikia unamwambia baba wa bibi harusi, "Huyu binti? Huyu ni mtia viraka tu."

Sijaandika haya ili unijibu. Nimeyaandika nipate nafasi kichwani.

Mpwa wako.


Tarehe 2 Mei

Kwa mwenye redio,

Nimeipata barua. Salamu tumezipokea.

Sanduku mimi nililifunga likiwa kamili. Kama miguu ya kushoto haikufika, muulize dereva. Watu wa lori wana mambo. Au ilivimba kwa mvua ikatoka yenyewe, mbao za mti ule ninazijua, niliwahi kuona mguu mmoja umeshuka mezani.

Na kama mkono wako ni mkubwa kiasi hicho, mpaka unakumbuka vitu vya wakati ukiwa mtoto, mbona unahitaji miguu ya mzee? Mwambie mwalimu wako aifikirie ya kushoto kwa nguvu, itatokea. Si anatawala fikra? Au uwavalishe hivyo hivyo, wauguzi warukeruke wodini kwa mguu mmoja, wagonjwa watafurahi.

Mimi nina kazi nyingi, sina muda wa barua. Kinyozi anasema anayenyanyuka haraka haangalii chini. Kasema yeye, siyo mimi.

Mkaza mjomba hakusalimu kwa sababu hasemi na mimi, kwa hiyo sijui anataka kusema nini. Hata kukohoa ameacha.

Mjomba wako.


Tarehe 14 Mei

Shikamoo mjomba,

Natumaini nyote wazima, na kwamba mkaza mjomba amerudi kukohoa. Nyumba ile bila kikohozi chake lazima ina mwangwi.

Viatu vya kulia vimekwisha vyote. Nimevipaka rangi, nimevisugua, vinang'aa mpaka fundi cherehani anajitazamia meno.

Juzi alikuja mkuu wa chuo kuangalia kazi. Mama mnene, hacheki. Alitembea mbele ya rafu yote, akachukua kimoja, akakikunja, akakinusa, akaingiza mkono ndani mpaka kwenye vidole. Akasema, "Hii ni kazi." Halafu akatafuta cha pili chake. Akaniuliza vya kushoto viko wapi. Nikamwambia viko kwa mwalimu wangu.

Akasema, "Yule mama wa semina anashona viatu?"

Nikamwambia hapana. Mwalimu wangu wa kwanza. Aliyenifundisha kushika msharasi, ile sindano nene ya ngozi, na kwamba haisukumwi na mkono, inasukumwa na bega. Aliyenifunga macho na kitambaa akanipa vipande vya ngozi nivitambue kwa kidole gumba, hiki cha mgongoni, hiki cha tumboni. Nikamwambia ana maneno mengi lakini mshono wake haujawahi kufumuka. Hayo yote ni kweli, na niliyasema bila kujilazimisha, nikajishangaa.

Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Ikifika hiyo siku bila vya kushoto, atampigia simu yule wa plastiki. Hakulisema kwa ubaya.

Mwalimu wa semina nilimweleza habari zetu. Akanishauri nijitenge na kila mtu anayenivuta chini, hata kama ni ndugu, kwamba ndivyo watu wanavyofanikiwa. Mengi aliyonifundisha nimeyashika. Hilo nimelikataa. Nilimwambia wewe humjui mjomba wangu. Mtu akishakufundisha bega lako lifanye nini, utajitenga naye wapi? Kila nikivuta uzi yupo.

Sikuombi tena miguu. Nimekwisha kuomba. Nakujulisha tu kwamba rafu ya pili nimeifuta vumbi.

Mpwa wako.


Tarehe 21 Mei

Mpwa wangu Sindano,

Salamu kutoka nyumba inayokohoa tena, tena kwa fujo.

Nianze na habari ya kushangaza. Miguu ya kushoto imeonekana. Ilikuwa chini ya kitanda changu, ndani ya gunia, na gunia limefungwa kwa fundo ninalolifunga mimi. Ilifikaje huko, sitaki kuingia. Mbao za babu yako zina mambo yake. Mkaza mjomba alikuwa anafagia, akalivuta gunia likaja mpaka katikati ya chumba, akaliacha hapo, akakaa kitandani akanitazama. Mimi mheshimiwa mwenye vidole sita hakunitisha, lakini mwanamke yule akikaa kimya nasikia baridi.

Barua yako ya mwisho nilikwenda nayo kwa kinyozi. Siku hizi nakaa pale sana, wewe unajua, mama yako hana siri. Viatu vya plastiki vimejaa huku, mtu kikikatika anatupa ananunua kingine. Wateja wangu wanakuja kweli, sikukudanganya. Ila wanakuja tu kusikiliza.

Basi kinyozi akaniomba, kama kawaida, niwape wageni ile ya viatu vyeupe. Kulikuwa na watu wapya wawili kwenye benchi. Nikaanza: homa inatikisa kitanda, harusi kesho. Nilipofika kwenye sindano, Sindano, mdomo ukagoma. Nikasema, siku hiyo mimi nilikuwa nimelala kama gogo, natapika. Viatu vile alivishona mpwa wangu, msichana mdogo, peke yake, na asubuhi nilipoviona nilivishika nikatafuta kosa mpaka nikachoka.

Unajua walifanya nini? Walicheka. Kinyozi alicheka mpaka akamkata mteja sikio. "Fundi," akasema, "leo umezidisha. Mtoto wa shule ashone viatu vile? Hiyo ya homa kukaa nje tuliikubali, lakini hii hapana." Nimewaambia watu hawa kwamba nilizungumza na kidole, wakaamini. Nimewaambia msumari ulipinda, wakaamini. Nimesema neno moja la kweli, nimeitwa mwongo mbele ya wageni. Niliondoka pale kichwa kimenyolewa upande mmoja. Mpaka sasa kiko hivyo, usishangae ukikiona.

Maana ninakuja. Gunia halipandi lori la saruji, linapanda basi, mapajani kwangu. Nitafika Jumamosi. Mama yako ananipa shuka nikuletee, nimeshindwa kumkatalia.

Nimekuwa nikifikiri habari ya kutawala akili, nikiwa nasubiri kikohozi. Nimeona akili yangu naitawala vizuri sana, isipokuwa pale inapokutana na wewe. Msumari nauweza. Homa naiweza. Mpwa wangu akisifiwa redioni, natetemeka. Sasa huyo mama ana somo la hapo? Kama analo, muulize kwa siri, usimwambie ni la nani.

Niwekee kiti karibu na lile dirisha lenye mwanga wa kuazima. Cha kulia umeshona wewe, cha kushoto nitashona mimi. Usinisaidie, usinirekebishe, na fundi cherehani asikae karibu. Wakija watu, uwaambie nani kashona kipi, ukweli mtupu, mimi nitakaa kimya. Nitajaribu.

Halafu tuwape wauguzi wavivae, wasimame wodini kutwa, tuone ni mguu upi utakaoanza kulalamika.

Ukiwa ni wa kushoto, nitasema dereva wa basi aliendesha vibaya.

Mjomba wako.